Nilimsingizia Marehemu

"Mama Sare, mimi siwezi kushindana na marehemu."

Fundi Fremu alisema hivyo huku akipangusa kioo ambacho kilikuwa kisafi tangu asubuhi. Hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti chake kimoja cha wateja, mkoba mapajani, nimekuja kuchukua picha za mwisho kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi.

"Nani kakwambia ushindane naye?"

"Hizi picha zenyewe." Akaonyesha ukutani kwa kile kidole chake kifupi kilicholiwa na msumeno ujanani. "Nimefunga fremu ishirini na mbili, na zote ni wewe. Mikono yako kwenye cherehani. Miguu yako kwenye beseni. Uso wako, shingo yako, hata lile kovu la pasi chini ya sikio. Mtu hamwangalii mwenzake hivi kwa bahati mbaya. Yule bwana alikupenda mpaka kwenye visigino."

"Fundi, picha ni picha tu."

"Siyo kwa mtu anayezifunga. Mimi nakaa na picha moja siku mbili nzima, napima, nakata, nasafisha. Najua ipi imechorwa na mtu anayetaka kusifiwa na ipi imechorwa na mtu anayependa. Wiki tatu zilizopita nilikwambia nataka kukuoa, ukaniomba muda. Sasa nimeelewa ni muda wa nini. Yale maneno yachukulie kama hayakusemwa."

Hapo ndipo ningesema. Duka lilikuwa tupu, tuko wawili tu na harufu ya gundi. Maneno yenyewe yalikuwa mawili: nilizichora mimi. Badala yake nikafungua mkoba nikaanza kutafuta leso ambayo sikuihitaji.

"Sawa, Fundi," nikasema. "Nifungie hizo tatu niondoke."

Akazifunga kwa gazeti, akazungusha kamba, akanikabidhi bila mkono wake kugusa wangu. Nikatoka na mzigo kwapani kama mwizi wa mchana. Mtu mzima hovyo, nilijiambia njia nzima. Mtu mzima hovyo kabisa.

Acha niseme ilivyokuwa, na atakayenihukumu anihukumu.

Nina miaka hamsini na sita. Thelathini kati ya hiyo nimeshona sare za shule, ndiyo maana mtaa mzima wananiita Mama Sare. Mume wangu alikuwa mchora ramani kwenye ofisi ya ardhi. Mtu wa rula, mtu wa penseli iliyochongwa vizuri, mtu wa kunyamaza. Hakuwa mbaya. Alileta mshahara wote nyumbani, hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti. Lakini kuniangalia, yaani kukaa akaniangalia, sikumbuki.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilichukua miguu na ulimi, kikamwachia mikono. Nikahamishia cherehani chumbani kwake nimuuguze huku nikishona. Siku moja nilimchongea penseli nikamwekea kiganjani, nikidhani atafurahi. Akaishika kidogo, ikamponyoka. Nikaiokota, na kwa kuwa alikuwa amesinzia na chumba kimekuwa kimya mno, nikageuza ramani moja ya zamani nikaanza kuchora mkono wangu wa kushoto.

Nilipoinua kichwa ilikuwa saa kumi jioni. Dawa yake ilikuwa ya saa nane.

Haikumdhuru, daktari alinihakikishia. Lakini mimi ninajua nilichokuwa nafanya kwa saa tatu zile. Nilikuwa na furaha. Na siku ya pili nilichora tena, na ya tatu, nikatega saa ya mezani kwa ajili ya dawa ili nisisahau. Miaka miwili mume wangu alilala pale akiisha taratibu, na mimi, kwa umri ule, nikagundua kazi niliyozaliwa nayo. Wageni walipokuja kutoa pole nilikuwa nasukuma makaratasi chini ya godoro na kuvaa uso wa huzuni. Huzuni ilikuwepo, naapa. Ila haikuwa peke yake.

Mwaka mmoja baada ya mazishi binti yangu alikuja kunisaidia kusogeza kabati, akalikuta boksi nililohifadhia michoro.

"Mama, hizi ni za baba?"

Ya juu kabisa ndiyo iliyokuwa ya aibu kuliko zote. Mimi mbele ya kioo cha kabati, taulo kifuani, mabega wazi, ngozi ya shingo ilivyolegea, kila kitu kama kilivyo. Ningemwambiaje mwanangu kwamba siku ile nilifunga mlango kwa ufunguo nikajikodolea macho, na baba yake yuko chumba cha pili hajiwezi?

"Ndiyo," nikasema. "Za baba yako."

Binti yangu akakaa chini sakafuni akalia.

"Kumbe alikupenda hivi," akasema. "Mimi miaka yote nilidhani nyumba yetu ilikuwa kimya tu. Nilidhani mlizoeana basi."

Sasa hapo ungemrudisha vipi? Akaenda na boksi kwa Fundi Fremu, picha zifungwe kwa maonyesho ya kumkumbuka baba yake. Makaratasi yenyewe yalikuwa na mihuri ya ofisi ya ardhi na mwandiko wa marehemu kwa nyuma, nani angebisha? Nilitoa moja tu kabla hajaondoka nalo, nikaificha kwenye droo ya cherehani. Ile ilikuwa ya marehemu mwenyewe amelala, na mtu hawezi kujichora akiwa usingizini.

Ndipo nikaanza kutumwa dukani kupeleka hii na kuchukua ile. Fundi naye alikuwa amefiwa na mke, mcheshi, mwenye birika la chai lisilopoa. Miezi minane. Alikuwa ananiuliza, "Hapa mume wako alikukuta ukifikiria nini?" Nami namjibu, tena namjibu kweli, maana nilikuwa nakumbuka. Hivyo ndivyo tulivyopendana, kwa mgongo wa mtu aliyekufa.

Alhamisi, siku mbili baada ya Fundi kuyafuta maneno yake, simu ikalia. Ujumbe.

"Habari Mama Sare. Samahani kwa usumbufu. Lile kovu lako la pasi liko sikio gani?"

Nikaandika, "La kushoto. Kwa nini?"

Akakaa dakika kumi.

"Basi tu. Niko ukumbini napanga picha, nilikuwa naangalia namba tisa."

Namba tisa ndiyo ile ya taulo. Nikaenda mbele ya kioo cha kabati na simu mkononi, nikageuza shingo, ndipo nikaelewa. Aliyeko kwenye picha kovu lake liko kulia. Nilijichora kama kioo kilivyonionyesha, na kioo hugeuza. Mtu aliyekaa mbele yangu akanichora kwa macho yake asingekosea sikio.

Nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita, ikakata.

Ijumaa mchana akaja shemeji, mdogo wake marehemu, amevaa suti ya kesho ili nimwangalie kama mabega yamekaa vizuri. Kabla hata hajakaa akatoa karatasi mfukoni.

"Shemeji, nimeandika hotuba. Naomba nikusomee."

"Kaa kwanza unywe chai."

"Nitasoma nimesimama, ndivyo nitakavyosimama kesho." Akakohoa. "Ndugu zangu. Kaka yangu nilimshikia futi ya kupimia viwanja kwa miaka kumi na moja. Nilimjua kama mtu mkavu. Nakiri mbele yenu kwamba nilimsema vibaya, nilisema hana moyo. Leo..." Akatoa leso. "Leo nimeona alichokuwa anakificha, na ninamwomba radhi."

Nilikuwa namimina chai. Ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikashuka kwenye kitambaa cha meza.

"Shemeji, chai," akasema.

"Naiona."

"Imekugusa pia, eh? Pole. Kesho tutalia pamoja."

Alipoondoka niliifungua droo ya cherehani, nikaitoa ile picha, nikaiweka kwenye mkoba. Sikujua nitaifanya nini. Nilijua tu kwamba mtu mzima mwenzangu anakwenda kumwomba radhi marehemu hadharani kwa kosa ambalo halikuwa kosa, na mwongo ni mimi.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa maktaba ulikuwa umejaa. Majirani, walimu niliowashonea watoto wao, wazee wa ofisi ya ardhi, ndugu wa mume safu mbili za mbele. Picha zimepangwa ukutani, taa zimewashwa, na chini ya kila moja kuna kadi nyeupe yenye namba. Basi. Namba tu.

"Fundi," binti yangu alikuwa anauliza, "jina la baba mbona halipo?"

"Nimemwachia Mama aandike kwa mkono wake."

Fundi akanijia na kalamu. Tulisimama mbele ya namba tisa, migongo kwa watu, nami sikuwa na uso wa kumtazama.

"Unajua," nikasema.

"Najua. Mimi nafunga vioo vya kujitazama kuliko picha, Mama Sare. Nikaanza na sikio, halafu nikarudi kwenye ile ya beseni. Miguu imechorwa kutoka juu. Nani anaiona miguu yako kutoka juu, kama siyo mwenye miguu?"

"Umekasirika."

"Sana. Miezi minane nimemwonea wivu marehemu wa watu. Nimekwenda mpaka kaburini kwake kumsalimia kwa heshima, unajua hilo? Kumbe mwenye mkono ule ndiye ninayemmiminia chai."

"Kwa nini hujamwambia binti?"

"Siyo langu kulisema." Akaniwekea kalamu kiganjani. "Andika unachotaka kuandika. Ukiandika jina lake, mimi nitanyamaza mpaka nife. Ila dukani usije tena. Sitaweza."

Akaenda kusimama karibu na mlango. Nyuma yangu shemeji alishapanda jukwaani, nikasikia anakohoa.

"Ndugu zangu. Kaka yangu nilimshikia futi ya kupimia..."

"Shemeji," nikasema.

Hakusikia.

"Shemeji, subiri. Usimwombe radhi."

Ukumbi mzima ukageuka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini jipu nilishaanza kulipasua.

"Hizi picha hakuchora yeye. Nilichora mimi."

Mtu wa safu ya pili akacheka kidogo, akadhani ni utani.

"Unasema nini, shemeji?"

"Nilizichora mimi, kila moja. Marehemu alikuwa kitandani. Binti yangu alipozikuta niliona aibu, nikasema ni za baba yake. Nimemsingizia mume wangu miezi yote hii."

Shemeji alikunja karatasi yake ya hotuba polepole sana.

"Kwa hiyo kaka yangu amekufa, na sasa unataka kumnyang'anya hata hiki kimoja."

"Hakikuwa chake."

"Tutajuaje? Hizi karatasi zina muhuri wake. Wewe ni mshonaji. Leo watu wamejaa, ndiyo umeona utamu wa sifa?"

Wapo waliotikisa kichwa kumuunga mkono. Siwalaumu. Nikafungua mkoba, nikaitoa ile picha ya kwenye droo, nikatembea nayo mpaka jukwaani.

Ni uso wa mume wangu, miezi mitatu kabla hajafa. Mdomo umevutwa upande mmoja, mashavu yameingia ndani, amelala. Nilikuwa nimeichora mchana mmoja, na nilipomaliza nikakuta macho yake yako wazi, ananitazama. Alikuwa amenifuma. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaonyesha penseli, nikampa. Akaonyesha rula. Ilimchukua karibu saa nzima, mate yanamtoka, lakini alichora mistari miwili kuizunguka picha yote, mmoja mnene na mmoja mwembamba, na kona ya juu akaweka mshale mdogo wa kaskazini, kama kwenye ramani zake. Kisha akageukia ukutani. Mimi nilielewa kwamba ananiambia basi, imetosha, funga. Nilikaa wiki mbili sijashika penseli, na nilipoanza tena nilikuwa nachora kwa kujificha mpaka alipofariki.

Shemeji aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Nilimwona anaufuata mstari kwa ncha ya kidole, kona mpaka kona.

"Hii mistari ni yake," akasema.

"Ndiyo. Uso nimechora mimi, yeye akaweka mistari. Alikuwa ananikataza, shemeji. Najua. Mtu anaumwa na mkewe anachora. Na mimi nilikuwa..." Nikamtafuta binti yangu kwa macho, maana yeye ndiye niliyemdai msamaha kuliko wote. "Nilikuwa na furaha, mwanangu. Baba yako anakufa, na mimi nilikuwa na furaha nikichora. Hilo ndilo nililokuwa naona aibu kulisema. Siyo mabega wazi."

Binti yangu alikuwa ameziba mdomo. Aliyesema ni shemeji, na alisema kwa hasira, kama mtu aliyelazimishwa kutoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

"Alikuwa hakukatazi."

"Umejuaje?"

"Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja. Ramani yenye kosa alikuwa anaichana. Yenye shaka alikuwa anaiacha wazi, hata bosi afoke namna gani. Mistari ya pembezoni ilikuwa kitu cha mwisho, na hakuiweka mpaka aridhike. Ofisi nzima walikuwa wanamtania. Waulize hao." Wazee wa ofisi ya ardhi walikuwa wanaitikia kwa vichwa. "Aliipitisha, shemeji. Umekaa na mtu miaka thelathini hujui hata hilo?"

Sikulijua. Hiyo nayo ni aibu yangu. Nilimlalamikia mume wangu kwamba haniangalii, na mimi kazi yake nilikuwa nafuta vumbi juu yake tu.

Shemeji hakunirudishia picha. Aliikunjia ndani ya hotuba yake taratibu, akashuka, akanipita bila kuniaga, safu zile mbili za mbele zikamfuata. Mpaka leo salamu zetu ni za mbali. Nimeambiwa picha ile ipo sebuleni kwake, kaitundika mahali pa kwanza kuonekana mtu akiingia.

Waliobaki walikuwa wachache. Binti yangu alinijia, macho mekundu.

"Mimi nilifurahi mno nilipodhani baba alikupenda hivi," akasema.

"Najua. Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe, mama. Nipe siku." Akanipokonya kalamu, akaifungua kifuniko, akanirudishia. "Lakini andika. Watu wanasubiri."

Nikaandika jina langu lote, la kwangu na la baba yangu mzazi, mara ishirini na mbili. Nilipomaliza nikatazama mlangoni. Fundi alikuwa ameshaondoka.

Jumatatu nilikwenda dukani. Nilisimama kizingitini.

"Uliniambia nisije tena kama nikiandika jina lake," nikasema. "Sikuliandika."

"Nilisikia. Nilikuwa nje dirishani." Alikuwa anakata mbao, hakusimamisha msumeno. "Unataka nini, Mama Sare?"

"Kaa kwenye kiti cha wateja."

"Nina kazi."

"Dakika ishirini. Hujawahi kukalia hicho kiti, kila siku unakalisha wengine."

Akakaa, mikono kaiweka chini ya mapaja kama mtoto wa shule. Nikavuta stuli, nikatoa karatasi na penseli. Nilikuwa sijawahi kuchora mtu aliye macho, anayeniona.

"Toa mikono."

"Kidole changu kibaya."

"Nakitaka hicho hicho. Geukia mlangoni kidogo."

Akageuka. Mteja mmoja alichungulia, akaona mambo, akaondoka zake.

"Unaniangalia sana," akasema, na uso ulikuwa umemshuka. "Mtu anajisikia vibaya kuangaliwa hivi."

"Vumilia. Wewe mwenyewe ulisema mtu haangalii hivi kwa bahati mbaya."

Nikamaliza nywele, nikamaliza yale makunyanzi ya mtu wa kucheka, nikakipa kidole kifupi nafasi yake. Kisha nikaomba rula. Alikuwa nayo mfukoni, ya chuma. Nikachora mstari mnene kuizunguka picha yote, halafu mwembamba ndani yake, kona mpaka kona, bila haraka. Nikamgeuzia.

Aliitazama muda mrefu. Siku ile ukumbini alikuwa mlangoni, kisha dirishani, nikawaza huenda hakusikia yote aliyosema shemeji.

"Mistari umeweka tayari," akasema. "Sasa mimi nitafunga nini?"

"Nilikuomba muda, ukachoka kusubiri. Ndiyo jibu langu hilo."

"Yale maneno nilisema yachukulie kama hayakusemwa."

"Basi yaseme tena."

Akainuka kwenye kiti cha wateja, akapangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akayasema tena.